Maswali ya Hoja na Lugha ya Mtahiniwa: Uhakiki kwa Mfano wa Sange

1.0 Utangulizi

Swali la hoja katika mitihani ya kuingilia chuo kikuu lina umbo linalokaribiana popote linapoulizwa. Mtahiniwa hupewa aya fupi yenye dai na sababu zake. Kisha huulizwa ni jambo gani linalofuata kutokana na aya hiyo, ni jambo gani mtoa hoja amelichukulia kuwa kweli bila kulitamka, au ni taarifa ipi inayoitia hoja nguvu au kuidhoofisha. Majibu kadhaa huorodheshwa, na moja tu ndilo linalokubaliwa. Mtihani wa LSAT wa vyuo vya sheria vya Marekani, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, umelifanya swali hili kuwa nguzo yake.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo swali hilo halina karatasi yake peke yake. Hata hivyo, hujitokeza ndani ya mtihani wa taifa wa kumalizia sekondari, ambao wenyeji huuita kwa jina lake la Kifaransa, Examen d'État. Hujitokeza hasa pale mtahiniwa anapotakiwa kufahamu matini au kupima hoja ya kifalsafa. Mtihani huo, ulioanzishwa katika miaka ya 1960, hufanywa kwa Kifaransa na, kwa sehemu kubwa, kwa maswali ya kuchagua. Diploma yake ndiyo ufunguo wa chuo kikuu.

Wanaolitetea swali la hoja husema kwamba halipimi kumbukumbu bali fikra tupu, na kwa hiyo humtendea haki mtoto wa mjini na wa kijijini sawasawa. Makala hii inalikubali dai hilo nusu tu. Ni kweli kwamba swali hili hupima fikra. Lakini fikra hiyo hupitia katika maneno madogo ya lugha, kama vile "wote", "baadhi", "ila" na "huenda". Mtahiniwa anaweza kuanguka kwenye maneno hayo ilhali mantiki yake ni nzima.

2.0 Lugha tatu za mtahiniwa

Sange ipo katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira. Mtoto wa hapo aghalabu hukulia katika Kifuliiru, hukutana na majirani na wafanyabiashara kwa Kiswahili, na hufanya mtihani wake kwa Kifaransa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imekitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Aidha, sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika kufundishia. Nafasi hiyo huishia mbali na chumba cha mtihani. Mwishoni mwa sekondari, Kiswahili husikika uwanjani na njiani, wala hakihesabiwi kuwa chombo cha kufikiria mbele ya karatasi.

Lakini ni nani awezaye kukizuia? Mtahiniwa husoma kwa Kifaransa, hupima kwa lugha aizoeayo, kisha huchagua tena kwa Kifaransa. Safari hiyo ya kwenda na kurudi haionekani katika alama, nayo ndiyo yapasa kuhakikiwa.

3.0 Mitego mitatu

3.1 Lililo kweli na linalofuata

Tuchukue mfano wa kubuni. "Mwaka huu mvua imenyesha vizuri bondeni. Bei ya mpunga katika soko la Sange imeshuka. Kwa hiyo mvua nzuri ndiyo iliyoshusha bei." Swali: ni taarifa ipi inayoidhoofisha hoja hii? Jibu la kwanza linasema kwamba mpunga huhitaji maji mengi. La pili, kwamba mwaka huu mchele mwingi wa kutoka nje umeingia sokoni. La tatu, kwamba wakulima hawapendi bei ya chini.

Jibu la kwanza ni kweli, na kila mtoto wa bondeni analijua. Kwa sababu hiyo hiyo humvuta. La tatu nalo ni kweli, lakini halina uhusiano na hoja. Jibu linalotakiwa ni la pili, kwa kuwa linaleta sababu nyingine iwezayo kushusha bei bila msaada wa mvua. Mtahiniwa hakuulizwa anajua nini kuhusu mpunga. Ameulizwa ni kitu gani kinakata kamba kati ya sababu na hitimisho.

Mtego huu hauhusu lugha ya kigeni peke yake. Unahusu pia desturi ya kumaliza mjadala kwa methali. Barazani, asemaye "haraka haraka haina baraka" huweza kushinda, mpaka mwenzake amjibu kwamba "ngoja ngoja huumiza matumbo". Methali zote mbili ni kweli mahali pake, na kwa hiyo hakuna iwezayo kuthibitisha jambo lolote bila kutazama hali yenyewe. Mwalimu angeweza kuanzia hapo, kwani wanafunzi wake wanazijua tayari.

3.2 "Wote" na ukanushi

Sentensi ya Kifaransa Tous les élèves n'ont pas réussi, kwa desturi ya lugha hiyo, husema kwamba si kila mwanafunzi amefaulu. Huenda wapo waliofaulu. Ikifasiriwa neno kwa neno hutoa "Wanafunzi wote hawakufaulu". Maana inayomjia kwanza msikilizaji wa Kiswahili ni kwamba hakufaulu hata mmoja. Tofauti iliyopo ni kubwa: katika maana ya kwanza, kufaulu kwa mwanafunzi fulani kunawezekana, katika ya pili, hakuwezekani kabisa.

Mtahiniwa aliyefuata fasiri hiyo atafikiri sawasawa kuanzia sentensi isiyo yake, na atapata sifuri. Kosa si upungufu wa Kiswahili. Kiswahili kina njia wazi ya kusema jambo hilo: "Si wanafunzi wote waliofaulu". Kikanushi "si" kikitangulia "wote", utata huondoka. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba mahali pa ukanushi katika lugha moja si lazima pawe mahali pake katika lugha nyingine.

3.3 Linalotosha na lililo sharti

Sentensi "Akisoma atafaulu" yasema kwamba kusoma kunatosha. Haisemi kwamba asiyesoma atashindwa. Huenda akafaulu kwa njia nyingine. Sentensi "Hafaulu ila aliyesoma" yasema kinyume chake: kusoma ni sharti, lakini haikuahidi kwamba kila aliyesoma atafaulu. Idadi kubwa ya maswali ya hoja husimama juu ya tofauti hii. Kiswahili kimeitenga kwa kiambishi "-ki-" upande mmoja na kwa ukanushi pamoja na "ila" upande wa pili. Mwanafunzi aliyezoezwa kugeuza kila sentensi ya masharti katika mojawapo ya maumbo haya mawili anayo mizani mkononi.

4.0 Dhana fiche: Sange, 2010

Pengine msomaji atauliza kama haya yote si mchezo wa karatasi tu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Ni rahisi kwa aliye mbali kutoa hoja hii: watu walikwenda kuchota mafuta, moto ukawaka, basi waliokufa walikufa kwa tamaa yao.

Hoja hiyo imeficha dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba waliokufa wote walikuwa wakichota. Habari za wakati ule zilieleza kwamba miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu waliokuwa majumbani mwao, na wengine waliokuwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo dhana ya kwanza haisimami. Ya pili ni kwamba anayechota mafuta yaliyomwagika husukumwa na tamaa. Neno "tamaa" halikuwamo katika sababu; limeingizwa kwenye hitimisho pasipo kubisha hodi. Umaskini, kutojua hatari na kuigana vyaweza kueleza tendo lile lile.

Huu ndio uzito wa swali la hoja. Ustadi wa kutafuta dhana fiche ndio unaomwezesha mtu kuikataa hukumu anayotolewa yeye na ndugu zake waliozikwa. Ustadi kama huo haupaswi kufundishwa kwa lugha ambayo wazazi wake hawawezi kumsikia akiutumia.

5.0 Hitimisho

Desturi iliyoenea ya kujiandaa kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake inaweza kusaidia katika tarehe na kanuni. Katika maswali ya hoja haifai kitu, kwa kuwa hoja mpya huja na maneno madogo yaliyopangwa upya. Zoezi bora ni kumtaka mwanafunzi aiandike aya ya Kifaransa kwa Kiswahili chake, aonyeshe dai, sababu na dhana fiche, ndipo ayatazame majibu.

Yawezekana kupingwa kwamba zoezi hilo litamchelewesha katika mtihani. Hapana budi kujibu kwamba halikusudiwi kufanywa siku ya mtihani, bali mwaka mzima kabla yake, hadi ugeuzaji uwe mwepesi. Yawezekana pia kupingwa kwamba Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa wengi wa Sange. Hoja hiyo ina nguvu, na inadai kwamba Kifuliiru nacho kichunguzwe kwa namna hiyo hiyo. Haidai kwamba Kiswahili kiachwe mlangoni. Mpaka kazi hiyo ifanywe, alama ya chini katika swali la hoja haitoshi kuthibitisha kwamba aliyeipata hawezi kufikiri. Anayehitimisha hivyo ameficha dhana moja: kwamba mtahiniwa na mtahini waliisoma sentensi ile ile.