Dai Kwanza Panya wa Ajuvanti Tupu

Juzi mjini Bungoma bango la utafiti wa macho lilipigiwa makofi ukumbi mzima. Kingamwili za mgonjwa zimeshika mkanda mmoja kwenye bloti ya retina, basi mwenye bango akatangaza kwamba amepata antijeni inayolengwa. Hajaipata. Jicho likishaharibika, protini zake humwagika, na mwili huzitengenezea kingamwili baada ya ugonjwa kuanza.

Kigezo cha antijeni inayolengwa ni kuamsha ugonjwa. Mwaka 1977 mtafiti Wacker na wenzake waliichuja antijeni-S kutoka retina za ng'ombe. Ilipochomwa kwa wanyama wa maabara ikazua uveitisi.

Mgeni wa kazi hii hukimbilia macho yaliyovimba. Mimi huanza na panya wa ajuvanti tupu, yule aliyechomwa mafuta ya Freund yenye bakteria wa kifua kikuu waliokufa, bila antijeni yoyote. Kwa panya wa Lewis ajuvanti hiyo peke yake huweza kuvimbisha viungo na hata kuwasha irisi. Kwa hiyo wekundu wa mbele ya jicho haunishawishi hata kidogo. Kata jicho, paka rangi, fuata tabaka la fotoresepta ukingo hadi ukingo, vipande kadhaa kwa kila jicho. Likiwa limeliwa kwa aliyepewa antijeni, na kwa mwenzake ni zima, hapo tuzungumze.

Mwalimu wangu wa Kitale alifunika lebo za slaidi kwa plasta, na plasta haikubanduliwa mpaka kila mmoja aandike alama zake kwa wino. Siku hizi mtu anachagua jicho moja, lile lililoharibika kuliko yote, analipiga picha, na hilo ndilo linalopanda ukutani. Huo ni ulaghai, hata picha ikiwa halisi.

Kwa mfano wa kazi iliyopita bloti, tazama usubi, ugonjwa wa mnyoo unaopofusha, uliowahi kuenea upande wa Uganda wa Mlima Elgon, ng'ambo tu ya Bungoma. Mwaka 1991 ilielezwa kwamba mnyoo wake ana protini, Ov39, ambayo kingamwili zake hushika pia protini ya retina. Kazi haikuishia kwenye bloti: panya wa Lewis walichomwa Ov39 na hr44, ile ya retina, na mwaka 2002 yakaripotiwa madhara ya jicho pamoja na mikroglia za retina zilizoamka. Hiyo naiheshimu.

Lakini daraja la juu kabisa nalitoa kwa aina moja tu ya antijeni: ile ambayo seli T zilizofunzwa nayo, zikihamishiwa kwa panya ambaye hajachomwa kitu, humuuguza katika tabaka lile lile.