Jogoo na Mbingu ya Usiku: Uhakiki wa Methali Moja

Methali isemayo "Likiwika lisiwike, kutakucha" hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni kemeo kwa mtu adhaniye kwamba bila yeye mambo hayaendi. Fasiri hiyo si mbaya, lakini imekiacha kiambishi. Katika "Jogoo wa shamba hawiki mjini", jogoo ni kiumbe, na upatanisho wake ni wa viumbe. Hapa ni "li-". Wako watakaosema ni "li-" ya dharau. Kwa rai yetu yafaa kuilinganisha na "jogoo la kwanza" na "jogoo la pili", ambapo ndege amekwisha kuwa wakati.

Kwa mkulima au mvuvi wa Wingwi, Pemba, jambo hili lina uzito. Jogoo aweza kuwika usiku wa mbalamwezi kana kwamba kumepambazuka. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Ujapani, walionyesha kuwa huongozwa hasa na saa iliyo mwilini mwake, ijapokuwa mwanga nao humchochea. Lakini mwenye kufunga Ramadhani hana budi kupambanua alfajiri ya uongo, isimamayo wima kisha ikatoweka, na alfajiri ya kweli, itandayo upeoni. Akikosea hapo, saumu yake imo hatarini.

Basi aigeuzaye methali hii kuwa "Akiwika asiwike" amesawazisha sarufi na kupoteza maana. Shahidi wa kucha ni mbingu. Jogoo ni mnadi tu.