Mwisho wa Neno

Mwalimu wangu wa nahau hakuwa na haraka. Sentensi ya maneno matatu, ile ya Zaid kumpiga Amr ambayo kila aliyekaa chuoni kusoma nahau anaijua, ilimchukua asubuhi nzima. Aliketi mkekani, kitabu juu ya marufaa, akasoma taratibu: dharaba Zaidun Amran. Kisha alirudi kwa Zaid, akaigusa herufi ya mwisho kwa ncha ya kijiti.

"Dhumma ya nini, mwanangu?"

"Ndiye aliyepiga, maalim."

"Na Amr, fatha ya nini?"

"Ndiye aliyepigwa."

Hapo akayapindua maneno, Amr akatangulia, Zaid akaja nyuma, na kila mmoja akabaki na irabu yake. Zaid bado ndiye mpigaji. Kwetu, ukimtanguliza Amri ukasema "Amri amempiga Zaidi", kesi nzima imegeuka. Mzee alitabasamu kama seremala aliyeona ulimi wa ubao umeingia tunduni bila msumari.

Kazi hiyo ya kulipa kila neno cheo chake kwa sauti ya mwisho ndiyo Waarabu huita irabu. Sisi tumelichukua neno, tukaacha kazi. Shuleni kwetu irabu ni a, e, i, o, u basi.

Basra ya karne ya 2 Hijria ndiko ufundi huu ulikopigwa msasa. Al-Khalil ibn Ahmad, mtu wa asili ya Oman, ndiye anayetajwa kuziundia sauti hizo alama tunazozijua: wau ndogo ikawa dhumma, alifu ndogo iliyolazwa ikawa fatha. Na aliyemrithi ni Sibawayhi, Mwajemi. Hili sichoki kulitafakari. Kiajemi hakina jinsia ya kiume na kike katika sarufi yake. "U" ni yeye, mume au mke, sawasawa na yeye yetu. Kitenzi chake kwa kawaida hungoja mwisho wa sentensi. Jina huungwa na mwenyewe kwa kisauti chembamba: ketab-e man, kitabu changu. Na kisauti hicho kwa kawaida hakiandikwi, kama vile Mwarabu asivyoandika irabu zake katika kitabu cha watu wazima. Lugha mbili za nasaba mbali kabisa, na zote mbili zimemwachia msomaji amana ya kile kinachoshikilia maneno pamoja.

Inasimuliwa kwamba Sibawayhi, angali kijana, aliteleza kwenye mwisho wa neno moja mbele ya mwalimu wa hadithi, akasahihishwa hadharani. Akaondoka kwenda kutafuta elimu ambayo kwayo hatasahihishwa tena. Matunda yake ni kitabu ambacho hakukipa jina. Watu wakakiita Al-Kitab, Kitabu, na ikatosha. Baadaye huko Baghdad, mbele ya waziri Yahya al-Barmaki, alibishana na mwanasarufi mwenzake, al-Kisa'i, kuhusu sentensi moja inayomtaja nyigu: mwishoni liwe neno hiya au iyyaha? Mabedui walioitwa kuamua wakampa al-Kisa'i ushindi. Sibawayhi akarudi Uajemi na majonzi, akafa angali na umri mdogo. Kaburi lake liko Shiraz. Mtu aliumia kiasi hicho kwa ajili ya neno moja.

Leo ni nani anayeumia? Waarabu wenyewe wana msemo: tia sukuni usalimike. Kata mwisho wa neno, hakuna atakayekushika. Nasikia hotuba nzima zikisomwa hivyo, maneno yamepangwa kama mbao zilizoegemezwa ukutani, hakuna lililoingia katika lenziwe.

Mwaka jana nilipita pale chuoni. Mkeka umekuwa zulia, marufaa ni ileile. Kijana mmoja alikuwa akiisoma sentensi yetu kwa kasi: Zaid, Amr, yote yamekatwa mwisho. Nilisimama mlangoni nikingoja swali la kijiti. Akafunua ukurasa wa pili.