Eti vumbi ndilo linalofanya anga liwe bluu?

Wengi wetu tulifundishwa hivi darasani: anga ni bluu kwa sababu vumbi hutawanya mwanga wa jua. Maelezo haya yana nusu ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Mwanga kweli hutawanywa. Tatizo ni hilo vumbi.

Hebu simama Tunduma mwezi wa tisa, malori ya kwenda Zambia yakitimua vumbi na moshi wa mashamba umetanda. Tazama juu. Kama kazi ingekuwa ya vumbi, bluu ingekolea, si ndiyo? Lakini anga limepauka, jeupe-jeupe. Subiri mvua za kwanza zioshe hewa, uone bluu inavyorudi.

Chembe za vumbi ni kubwa, hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Molekuli za naitrojeni na oksijeni ni ndogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo hutawanya bluu takriban mara 4 kuliko nyekundu.

Lord Rayleigh mwenyewe mwaka 1871 alianza na chembe zinazoelea hewani. Mwaka 1899 akaonyesha kwamba molekuli za hewa peke yake zinatosha. Kwa hiyo mwalimu unayesoma hapa, kwenye notisi zako futa "vumbi", andika "hewa".