Kufiwa na Kufarijika: Tahakiki ya Madaftari ya C. S. Lewis

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kusahihisha barua za rambirambi. Nyingi hufanana: pole kwa msiba, kazi ya Mungu haina makosa, marehemu alale pema peponi. Sarufi ikiwa sahihi, nasi hutoa alama. Lakini je, aliyefiwa hufarijika? Swali hili ndilo linalotufanya tukihakiki kitabu kidogo cha C. S. Lewis, A Grief Observed, kilichotoka Uingereza mwaka 1961.

Lewis alikuwa profesa wa fasihi huko Cambridge na mtetezi mashuhuri wa imani ya Kikristo. Mwaka 1940 alichapisha The Problem of Pain, kitabu kinachoeleza kwa hoja kwa nini Mungu mwema huruhusu maumivu. Miaka 20 baadaye, Julai 1960, mkewe Joy Davidman, mshairi Mmarekani, alifariki kwa saratani. Mume akaanza kuandika madaftarini. Maandishi hayo yalipochapishwa alijificha nyuma ya jina la N. W. Clerk, na mkewe akamwita H. tu.

Kitabu kina sehemu nne. Katika ile ya kwanza, mtetezi wa imani anabisha hodi kwa Mungu na kuona kwamba mlango umefungwa. Anathubutu hata kuuliza kama Mungu ni mkatili. Msomaji mcha Mungu huenda akashtuka, ila akumbuke kwamba Ayubu na watunzi wa Zaburi za maombolezo walilalamika vivyo hivyo, na malalamiko yao yamo katika Biblia.

Faraja inakuja polepole, tena haiji kama jibu. Kilio kinapopungua kidogo, Lewis anagundua kwamba anamkumbuka mkewe vizuri zaidi, jinsi alivyokuwa hasa. Mungu bado yu kimya, lakini kimya hicho hakifanani tena na mlango uliofungwa. Anatambua pia kwamba alianza kwa kujifikiria mwenyewe, kisha H., na Mungu mwisho. Mpangilio uliofaa ni kinyume chake.

Kifani, sentensi ni fupi, maswali ya balagha ni mengi, na la leo hupinga la jana. Mtindo huu wa daftari unasadikisha kuliko hoja zilizopangwa za mwaka 1940.

Kasoro hazikosekani. Kitabu kinafungwa kwa mstari wa Dante katika Kiitaliano, bila tafsiri, na hivyo msomaji wa kawaida anaachwa nje katika hatua ya mwisho. Tena Lewis anaomboleza karibu peke yake. Hata watoto wa mkewe wanatajwa kwa uchache. Sisi tuliozoea matanga, ambapo majirani hupika, hukesha na kuimba tenzi pamoja na wafiwa, tunaona pengo: imani hufariji pia kwa mikono ya watu.

Anayetaka kukitafsiri atapata msaada katika sarufi yetu. Kutokana na kufa tunapata kufia, na kutokana na kufia, kufiwa. Kauli ya kutendea na ya kutendwa zimeungana katika neno moja: anayekufa ni mwingine, lakini pigo linampata aliyebaki. Kiingereza hakina kitenzi cha kawaida chenye muundo huo.

Tunapendekeza kitabu hiki kisomwe pamoja na somo la barua za rambirambi. Wanafunzi wetu, ambao kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya kwanza, hukariri fomula na kuziamini. Tusizifute, kwa kuwa zina adabu yake. Ila tuwafundishe kumtaja marehemu kwa jambo alilolifanya, na kumwachia mfiwa nafasi ya kulia na kuuliza, kabla ya kumwambia kwamba Mungu hakosei.