Pongezi kwa Wanaouguza Nyumbani

Tangu mwaka 2015, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili imewapasua moyo wengi ambao zamani wangengoja safari ya India. Lakini mgonjwa akisharuhusiwa, kazi huhamia nyumbani, mitaa kama Mbagala na Tandale, kwa mke, dada au binti. Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Muda huo wote kuna mtu wa kumwinua bila kumvuta mikono, kumwogesha bila kulowesha kidonda, kupunguza chumvi ya mchuzi. Aliyewekewa vali bandia ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote: ikizidi, anaweza kuvuja damu, ikipungua, vali inaweza kuziba. Anayekumbuka saa ya kidonge ndiye pia husikiliza pumzi za mgonjwa usiku.

Watasema huo ni wajibu wa ndugu, tena wanawake wamezoea. Wajibu hauondoi uchovu, wala mazoea hayatibu hofu. Genge la anayeuguza limefungwa, hasira za mgonjwa humwishia yeye, na kliniki anaulizwa kadi tu. Akizidiwa, dozi hukosewa. Basi daktari akishampima presha mgonjwa, amgeukie na aliyemleta, amuulize jana alilala saa ngapi.