Kipima Muda Kisichopima

Katika tafsiri za kompyuta, istilahi «kipima muda» yafaa kwa saa ya mwamuzi wa mbio. Kwa programu ya kivinjari yapotosha. Chombo hicho hungoja muda uliowekwa, kisha hutangaza tukio. Mwadhini wa Michenzani naye huadhini wakati uingiapo, wala hamjui kila amsikiaye katika majumba yale marefu. Vivyo hivyo, chombo kilichoandikwa mara moja hutumika katika kurasa nyingi, kila ukurasa ukijiamulia la kufanya. Tena, programu ya ukurasa hutenda jambo moja baada ya jingine. La kwanza likirefuka, tangazo huchelewa. Mwanafunzi aliyefundishwa «kipima» atakiamini kama saa, na hesabu zake zitakosea. Twapendekeza «kitangaza wakati». Wafasiri na walimu watoe hoja zao.